Nta Chini ya Bluu

Siku Mwalimu Saverio alipowaambia wageni kwamba mtoto aliye kwenye picha ni binti yake marehemu, mimi nilikuwa nyuma ya pazia la studio yake mtaani Kamwokya, nikimnyonyesha mtoto huyohuyo.

Awiti wangu, miezi tisa! Uso ule niliukata mimi kwa wembe kwenye filamu ya eksirei iliyotupwa, yeye akilala kando yangu. Niliacha vidaraja vyembamba ili macho na pua visidondoke, kisha nikaigonga stensili hiyo kwa sponji yenye rangi juu ya karatasi nzito niliyoibandika vipande vya kitenge na gome la mti. Kazi ya Saverio ilikuwa kuimwagia picha rangi ya bluu ya maji mwishoni na kutia sahihi.

Wageni walilia. Mmoja alimkumbatia.

"Mwalimu, umemzika mwanangu," nikamwambia walipoondoka.

"Aa, Mama Awiti, hayo ni maneno ya biashara. Watu wanapenda kulia. Tengeneza nyingine, Jumamosi naimalizia mbele yao."

"Na jina langu?"

Akacheka. "Jina gani? Nnyabo, bibi wewe, umesoma masomo ya jioni miezi sita tu. Wewe kata."

Nikakata. Stensili mbili: moja ya uso, nyingine ya herufi. Chini ya uso niliacha nafasi nyeupe, nikalaza herufi pale, nikasugua mshumaa mweupe katika kila tundu hadi vidole vikauma. Sijawahi kusugua kitu kwa upendo hivyo. Nilipoinua stensili, karatasi ilikuwa nyeupe vilevile.

Jumamosi alasiri studio ilijaa. Babra, mwenye ukumbi wa maonyesho kule Bukoto, alikaa mbele kabisa. Safari hii sikujificha. Nilisimama kando ya meza, Awiti mgongoni.

Saverio akashika brashi pana, sauti ikamtetemeka vizuri. "Kila nikimchora, namzika upya."

Akamwaga bluu.

Rangi ilizikimbia herufi. Zikabaki nyeupe katikati ya bluu: AWITI YU HAI. AMECHORWA NA MAMA YAKE, AKECH.

Saverio alinyakua kitambaa akafuta. Nta ya mshumaa haijali kitambaa. Kadiri alivyofuta, ndivyo herufi zilivyozidi kung'aa. Nikamfungua Awiti mgongoni, nikamwinua sambamba na picha. Mashavu yaleyale, paji lilelile. Akawachekea watu.

"Bannange, jamani," mtu akapaza sauti, "marehemu ameota jino!"

Studio nzima ikaangua kicheko. Babra hakucheka. "Ssebo, bwana, huyu ndiye uliyemzika?"

Saverio akanisogelea, jasho likimtiririka. "Akech, dada yangu, sema ulikuwa mzaha wetu. Jina lako nitaliweka, haki ya Mungu."

"Leo nimekuwa dada?"

"Tafadhali. Stoo kuna karatasi kumi ulizoniandalia. Niambie tu, zipi zina nta?"

Nilimtazama. Tangu siku ile ya wageni alikuwa amepokea rambirambi kwa ajili ya mwanangu, akazila na chai. Nikamfunga Awiti tena mgongoni, nikavuta fundo likakaza. Mlangoni Babra alikuwa ananisubiri. Alitaka kujua kama nina kazi nyingine nyumbani.

"Zimwagie bluu, Mwalimu," nikasema. "Utaona mwenyewe."