Magharibi Kwenye Kituo cha Saba

Ijumaa, tarehe 11 Julai 2025. Mtwara iliamka na ubaridi wa kusi, umande umelowesha mabati ya mtaa wa Magomeni, mawingu mepesi yakikimbilia bara.

Mwanahamisi, ambaye wengi walimwita Mama Zawadi, aliswali alfajiri akabaki juu ya mswala, mikono ameiinua. Alimwombea marehemu mumewe, akamwombea binti yake aliyeolewa Nanyamba, akaomba yeye mwenyewe afaulu hesabu kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kisha, bila kupunguza sauti, akaomba asinyang'anywe kiti chake katika banda la gemu la Jafari. Hakuona haya. Aliyeziumba nyota hawezi kushangaa kusikia kwamba mja wake anapigana huko kila Ijumaa, japo ni kwenye televisheni.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Shule aliiachia darasa la saba, na mwaka jana alianza masomo ya jioni. Huko alikutana na wenzake watatu: Erasto, mpakiaji mizigo wa bandarini, mtu wa Njombe mwenye mabega mapana kama mlango, Doris, mhudumu katika ofisi ya serikali, na Idrisa wa bodaboda, mdogo kuliko wote. Idrisa ndiye aliyewapeleka kwa Jafari mara ya kwanza, akidai watajifunza Kiingereza kwa kusoma amri za kwenye skrini. Kiingereza walijifunza kidogo. Gemu iliwanasa kabisa.

Ilikuwa ya wanajeshi wanne waliotumwa sayari za mbali kupambana na madudu yenye miguu mingi. Walicheza pamoja kwenye skrini moja kubwa, kila mtu na pedi yake ya kuchezea mkononi, na mmoja akianguka wenzake humwinua wakiwahi. Wenzake walichagua bunduki. Mwanahamisi alichagua bomba la kunyunyizia sumu, kwa sababu kwa miaka ishirini alikuwa amebeba mgongoni mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Alijua kwenda mstari kwa mstari bila kuruka mti. Madudu nayo aliyapuliza hivyo hivyo, mpaka vijana waliokuja kumcheka wakaishia kumwita Kamanda Salfa.

Kilichowashinda ni Kituo cha Saba. Hapo walitakiwa kulinda mtambo kwa dakika kumi na tano, na hakuna timu ya banda lile iliyowahi kufika mwisho. Mchezo wa watu wanne hausimamishwi katikati, na zamu yao huanza saa kumi na mbili jioni, watu wakishatoka kazini. Ijumaa mbili mfululizo adhana ya magharibi ilimkuta Mwanahamisi humo. Mara zote mbili aliweka pedi chini akaenda kuswali, akarudi akakuta timu nzima imekufa na watazamaji wanacheka. Jafari akabandika kipande cha boksi ukutani: ANAYEWEKA PEDI CHINI AMEPOTEZA KITI. Hakutaja jina, ila wakati wa kubandika alimtazama yeye.

Jioni ya tarehe 11 alipowaona wanaingia, Jafari alimvuta pembeni. Alimwambia kwa heshima kwamba magharibi ina nafasi yake mpaka karibu na isha, kwa hiyo amalize gemu kwanza, Mungu si mkali kiasi hicho.

"Nafasi naijua, mwanangu," Mwanahamisi alisema. "Lakini miaka thelathini niliambiwa shule ingoje. Siku hizi nikiitwa, naenda."

"Basi kiti utakuwa umekiacha mwenyewe, mama. Hiki kibanda changu."

Mwanahamisi aliketi, akashika pedi yake. Alikuwa na mpango. Jana yake darasani aliwaeleza wenzake habari za swala ya hofu, ile ya vitani: kundi moja linaswali, jingine linasimama na silaha, kisha wanabadilishana. Erasto, mzee wa kanisa kwao, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama maana yake wao ndio wa kusimama na silaha. Alipoambiwa ndiyo, aliguna.

"Sasa Mama Zawadi, mbona hukusema mapema? Tumekufa Ijumaa mbili bure."

Waliingia Kituo cha Saba. Dakika ya sita adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Mwanahamisi alimpeleka mwanajeshi wake kwenye pembe ya ukuta, akamsimamisha hapo. Erasto na Doris wakasogea mbele yake, migongo imegusana. Idrisa akaziba mlango. Mwanahamisi akaweka pedi chini mbele ya macho ya Jafari, akatoka.

Udhu alikuwa nao. Alitandika mswala nyuma ya banda, mabati tu yakimtenga na vita. Rakaa ya kwanza alisikia risasi na Erasto akifoka kwa Kibena, lugha ya kwao Njombe. Rakaa ya pili alimsikia Doris akiita Yesu. Rakaa ya tatu banda lote likawa kimya, na moyo ukamwambia wamekwisha. Hapo ndipo alipojizuia. Alirefusha sijida ya mwisho kuliko zote zilizotangulia, makusudi, ili kisiwepo kiti cha duniani kitakachomharakisha. Akatoa salamu, akauzoa mswala, akarudi ndani.

Hawakuwa wamekufa. Watu walinyamaza kwa sababu walikuwa wamebana pumzi. Erasto alikuwa chini, Idrisa amezingirwa mlangoni, na Doris peke yake amesimama mbele ya mwanajeshi wa Mwanahamisi, akipiga huku na huku, jasho likimtoka puani. Mwanahamisi aliokota pedi. Alipuliza mstari wa kwanza, akapuliza wa pili mpaka waliomzingira Idrisa wakaisha, akamwinua Erasto. Kisha akasema bila kugeuka:

"Idrisa, zamu yako."

Idrisa alimtazama Jafari, akatazama boksi ukutani. Siku zote yeye alikuwa mtu wa kusema ataswali baadaye. Aliweka pedi chini, akatoka mbio, na vijana wakapiga makofi.

Aliporudi zilibaki dakika mbili. Wote wanne walipigana bega kwa bega, na saa ya kwenye skrini ikashuka mpaka sekunde arobaini. Kundi kubwa likaja kwa mbele. Mwanahamisi alipuliza, kisha akapiga hatua moja nyuma. Shambani kila mpulizaji hufanya hivyo, ili salfa isimrudie machoni. Lakini kwenye sayari ile hapakuwa na upepo, na nyuma yake palikuwa na shimo. Alitumbukia. Upande wake ukabaki wazi, madudu yakamiminika, mtambo ukalipuka.

"Mmeona?" Jafari alisema. "Nilisema mimi. Ibada na gemu haviendi pamoja."

"Hapana," Mwanahamisi alisema. "Wakati wa swala mtambo ulikuwa mzima, kila mtu hapa ameona. Aliyeuangusha ni mimi, kwa miguu yangu ya shambani. Kosa langu nalibeba. La swala halipo."

"Kanuni ni kanuni, mama."

Erasto aliinama akaweka pedi yake sakafuni. Doris akaweka yake kando ya ile, halafu Idrisa. Vijana waliojaa mlangoni wakaanza kumuuliza Jafari kwa kelele ni timu gani nyingine aliyonayo iliyowahi kufika sekunde arobaini. Jafari alikuna kichwa.

"Na Ijumaa ijayo?" aliuliza hatimaye. "Itakuwa hivi hivi?"

Mwanahamisi alisimama. Alikunja mswala wake akauweka begani, akawatazama wote, wa ndani na wa mlangoni.

"Nasema mbele yenu, na Mungu anasikia. Ijumaa ijayo nitaketi hapa. Adhana ikiita nitaweka pedi chini, nitaswali rakaa zangu tatu bila kuzikimbiza, nitarudi, na Kituo cha Saba nitakimaliza na hawa hawa."