Taa ya Mkiani

Karakana iliyo nyuma ya soko hununua kwa magunia matofali ya plastiki ya kuchezea ambayo wenyewe wameyachoka. Huyaosha na kuyachambua. Yale ya kawaida hubaki huko huko. Vipande vya ndege huletwa kwangu nyumbani, kwa kuwa vinataka mtu anayejua anachokishika. Kuna kioo cha rubani, pua, bawa la kushoto lisilokaa kulia hata ulilazimishe, pangaboi, na taa tatu ndogo kuliko punje ya mahindi. Nyekundu hukaa ncha ya bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani, kama kwenye ndege za kweli. Hilo nililisoma mwenyewe nilipokuwa shule ya usiku, nikiwa tayari baba wa watoto wanne, na karakana nzima imelipata kwangu.

Taa hizo nazipanga kwenye trei ya mayai, kila tundu ndege moja, kila ndege taa tatu. Nikishahesabu natia alama kwenye orodha, kisha nasaini na kufunga kifurushi. Kwa miaka saba hakuna kifurushi kilichorudishwa kwa kupungua.

Alasiri ile nilikuwa na ndege sita mezani. Mjukuu wangu wa miaka mitatu, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki, alikuwa amekaa chini ya meza akinihoji.

"Babu, ndege hii inaenda wapi?"

"Mbali."

"Na mimi nitapanda?"

"Wanapanda wenye kiti."

"Mimi nina kiti."

"Wewe una poti."

Akacheka. Kicheko kikakatika katikati, kikageuka kikohozi, na kikohozi nacho kikanyamaza. Nilipoinama nilimkuta mdomo wazi, macho yamemtoka, hakuna sauti. Nilimvuta, nikamlaza kifudifudi pajani na kumpiga mgongoni kwa kiganja. Mara tano. Ghafla hewa ikapita, akalia kidogo. Lakini nyuma ya kilio kulikuwa na mluzi mwembamba, na mluzi huo ulibaki hata alipotulia.

Binti yangu, mama yake, alikuwa amekwisha kutoka chumba cha pili, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni.

"Amemeza nini, baba?"

Nikatazama trei, nikaipapasa. Matundu matano yalikuwa na taa tatu tatu. La sita lilikuwa na nyekundu na kijani.

Nikambeba Chiriku, tukatoka mbio.

Hospitalini walimpiga picha ya kifua. Daktari, mwanamke kijana aliyechomeka penseli kwenye nywele, aliishika picha mbele ya mwanga akaitazama kwa muda.

"Sioni kitu. Ila plastiki nayo haionekani humu. Kumwingiza mtoto kifaa kifuani lazima nimlaze usingizi, na usingizi wenyewe una hatari zake. Mzee, una uhakika taa hiyo ilikuwepo?"

"Baba hakosei hesabu," binti yangu akadakia. "Sisi tulihesabiwa mpaka vijiko. Baba, mwonyeshe orodha."

Orodha ilikuwa mfukoni mwa shati. Ndege ya sita, taa nyeupe, alama. Chini yake saini yangu, nzuri, imenyooka. Nikaitoa.

Nikisema nina uhakika na kumbe taa imo tu kwenye gunia, watamlaza mtoto bure, na huenda asiamke. Nikisema sina, watamrudisha nyumbani na kitu kile kifuani.

"Alama hizi nilizitia asubuhi," nikasema. "Kabla ya kuhesabu. Tangu mwaka jana macho yangu hayaoni vizuri vile vyeupe, vinapotea kwenye trei. Kwa hiyo natia alama kwanza, halafu napanga kwa kupapasa. Sijui kama ilikuwepo."

Binti yangu alinitazama kama mtu aliyemkuta mgeni kwenye kiti cha baba yake.

Daktari hakunilaumu. Aliuliza, "Taa yenyewe ikoje? Imeziba?"

"Ina tundu. Limetoboka huku na huku, kijiti cha mkia hupita humo."

Akasimama wima. "Basi hewa inaweza kupita humo humo." Akaweka kile chombo chake cha kusikilizia kifuani kwa mtoto, kulia, kushoto, kulia tena, akakaa hapo kulia muda mrefu. "Huku inapiga mluzi, na pumzi ni ndogo. Tunaingia. Wakati wanaandaa chumba, mpakateni akiwa amekaa. Asilie, asicheke, asikohoe. Taa ikigeuka upande, tundu halitasaidia."

Chiriku alinyoosha mikono kwangu. Nikampakata. Mluzi ulikuwa karibu na sikio langu, unaingia, unatoka, na kila ulipochelewa nami niliacha kupumua.

"Babu," akanong'ona, "niambie poti."

"Baadaye."

"Niambie."

"Chiriku, tuhesabu vidole. Polepole. Kimya kimya."

Maisha yangu yote sikuwahi kuogopa kicheko cha mtoto. Tulihesabu vidole vyake, kisha vyangu, kisha vyake tena, hadi wakaja kumchukua. Kwenye korido binti yangu alikaa benchi la pili, si langu.

Daktari alipotoka alishika kibakuli cha chuma. Ndani yake kulikuwa na taa nyeupe, imelowa. "Amelala. Anapumua vizuri," akasema.

Walimruhusu siku ya pili. Nilikuwa nimetangulia nyumbani alfajiri, nikitambaa kwa magoti kutoka chumba hadi chumba. Chini ya kabati nilipata gurudumu na taa ya kijani. Nyuma ya cherehani, nyeupe mbili. Ya tatu ilikuwa kwenye kitanda cha mtoto, ndani ya mkunjo wa shuka.

Binti yangu alifika mlangoni, mtoto mgongoni. Hakuvuka kizingiti.

"Zimebaki ngapi, baba?"

Orodha za mwaka mzima zilikuwa mezani, zote zimetiwa alama.

"Sijui, mwanangu."

Akaketi nje kwenye ngazi, akamshusha Chiriku akampakata. "Basi tunasubiri hapa."

Nikarudi magotini, nikaanza upya kwenye kona ya mlango, kwa kiganja.