Nywele Zilizobaki Kazini

Jioni ya kuamkia dripu ya kwanza, msusi alifagia saluni, akawaaga wateja wa mwisho, kisha akaketi kwenye kiti chake cha dirishani na kuanza kujisuka mwenyewe. Hilo si jambo dogo. Kujisuka kisogoni kunataka vidole vinavyoona bila macho, na mikono huchoka upesi ikiwa juu, lakini hakuwa mtu wa kumkabidhi mwingine kichwa chake. Nesi alikuwa amemwambia kwamba dawa ya kansa itaziangusha nywele. Akaitikia kwa adabu, halafu akalifikiria jambo hilo kisusi: kinachoanguka ni kile ambacho hakikukazwa. Mtu wa kazi nyingine angenunua kitambaa. Yeye alikaza. Alisuka mistari myembamba kutoka kwenye paji la uso mpaka shingoni, akavuta hadi nyusi zikapanda na machozi yakamlenga.

"Utalalaje hivyo?" mumewe, fundi friji, alimuuliza aliporudi nyumbani.

"Chali."

"Chali ndiyo mbaya zaidi."

"Basi kifudifudi," alisema msusi, akazima taa.

Baada ya dripu ya pili, nywele zilitoka. Hazikutoka kwa mafungu wala kwenye kitana, kama wengine wanavyosimulia. Zilitoka zote kwa pamoja, na mistari yake, hata unywele mmoja usikatike, zikabaki juu ya mto. Mumewe ndiye aliyeziona kwanza.

"Mke wangu," alisema, "nywele zako zimeamka kabla yako."

Msusi alijipapasa kichwa, akakuta ngozi tupu. Akalia, tena sana, maana alizipenda nywele zake na hakuna haja ya kulipamba jambo hilo. Mumewe alikaa pembeni yake akamshika mguu, kwa kuwa hakujua ashike wapi. Alipomaliza kulia alinawa uso, akafunga kitambaa, akazitia nywele kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kazini.

Saluni ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe. Pale palikuwa na kichwa cha plastiki cha kuvalisha mawigi, na msusi alikivisha nywele zake ili zisijikunje. Zilikaa vizuri. Kufikia mchana zilikuwa zimerefuka kidole kizima. Mama Pacha, mteja wa siku nyingi, aliyekuwa chini ya draya, alisema huenda zimepata hewa.

Wifi alizitazama nywele, kisha akakitazama kitambaa.

"Wifi yangu, si upumzike nyumbani kwanza?"

"Nikipumzika nitawaza."

"Naelewa. Ila mtu akija kusukwa, akamkuta msusi mwenyewe ana kipara, atafikiria nini?"

"Atafikiria naumwa. Na kweli naumwa."

"Usinielewe vibaya. Wewe nakupenda."

Na kweli alimpenda. Ndiye aliyemshika mkono hospitalini siku ya majibu, na ndiye aliyemfulia mashuka. Lakini mapenzi yalikuwa jambo moja, na dirisha la saluni lilikuwa jambo jingine. Kesho yake msusi alikuta kichwa cha plastiki kimewekwa kwenye kiti chake, kimefungwa aproni yake. Akaambiwa kiti kitamsubiri mpaka nywele zirudi kichwani.

Wateja walizoea mara moja. Waliingia, wakaziamkia nywele, wakazisifu kwa kupendeza, na wengine wakazihadithia mambo ya nyumbani kwao huku wifi akiwasuka kwenye kiti cha pili. Nywele zilisikiliza vizuri na hazikumkatiza mtu. Saluni ikajaa.

Nyumbani, msusi hakuweza kutulia. Alisuka nyuzi za ufagio wa deki. Alisuka vishada vya pazia, na vilipokwisha akaingia kwenye boksi la vifaa vya mumewe.

"Leo nimeaibika mbele ya mteja," alisema mumewe akirudi jioni. "Natoa waya nichomeke friji, naukuta umesukwa."

"Umesukwa vibaya?"

"Umesukwa vizuri sana. Ndiyo maana sikuufumua."

"Nakitaka kiti changu," msusi alisema. "Hii kansa imechukua ziwa, imechukua nywele. Kiti hakikuchukuliwa na kansa. Kiti kimechukuliwa na wifi."

Mumewe aliurudisha ule waya kwenye boksi. Yule alikuwa dada yake.

Wakati huo nywele zilizidi kukua. Mistari ililegea, zikateremka kitini, zikatambaa sakafuni na kutokea chini ya mlango hadi barabarani, ambako wapita njia walizivuka kwa adabu. Wifi alijaribu kuzisuka upya, zikakivunja meno kitana chake. Akaleta mkasi, ukateleza. Nywele hazikutaka mkono mwingine, na aliyemjua mwenye nywele hizo hakulishangaa hilo. Basi wifi akapiga simu.

"Wifi, njoo utuokoe. Nywele zako zimeziba mlango."

"Naja. Nakaa kwenye kiti changu."

"Wewe njoo kwanza, tutaongea."

Anayesema hivyo huwa ameshaamua. Msusi alienda hivyo hivyo, siku moja baada ya dripu, miguu haina nguvu na mdomo una ladha ya misumari. Akakuta wifi ametundika pazia zito kule nyuma, karibu na kamba ya taulo, na nyuma yake ameweka kigoda.

"Hapa utakuwa na utulivu wako," wifi alisema.

Msusi alisuka pale gizani. Nywele zilimtii, zikalala kwenye kichwa cha plastiki moja baada ya nyingine. Alipomaliza, wifi alikichukua kichwa cha plastiki akakirudisha dirishani, na msusi akasikia wateja wakizishangilia nywele.

"Huo ni mkono wako?" sauti ya Mama Pacha iliuliza.

Wifi alicheka tu. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Kicheko hicho kilimchoma msusi kuliko sindano yoyote ya wodini.

Wiki iliyofuata aliwahi kabla ya wote, maana ufunguo alikuwa nao bado. Akakitoa kichwa cha plastiki kwenye kiti, akakaa yeye, akakipakata katikati ya magoti. Kisha akavua kitambaa, akaanza kazi. Jua lilimpiga kwenye kipara. Watu wa barabarani walisimama kidogo, wakatazama, wakaendelea na safari zao.

"Wifi," alisema wifi mlangoni, "pazia liko nyuma."

"Najua liliko."

"Watu wanakuona."

"Si ndiyo kazi ya dirisha?"

Mama Pacha aliingia, akaziamkia nywele kwa mazoea. Msusi ndiye aliyeitikia, kwa kuwa zilikuwa zake. Mama Pacha alimtazama kitambo, akauliza kama anakula vizuri, kisha akaketi akaomba asukwe na yeye.

Wifi hakumfukuza. Alichofanya ni kulihamisha lile pazia, akalitundika lizunguke kiti cha dirishani, na kila asubuhi akawa analivuta. Kila asubuhi msusi akalifungua. Halikuwa jambo la kugombana. Katikati ya kuvuta na kufungua walikunywa chai moja na kuulizana habari za watoto.

Siku moja aliingia mshona nguo mmoja, kitambaa kimemfika kwenye nyusi ambazo hazikuwepo. Alikuwa amekumbatia mfuko uliojisogeza kidogo kidogo. Alimnong'oneza wifi neno, na wifi akamwelekeza dirishani kwa kidevu.

"Nimesikia unasuka hata zilizokwisha kutoka," mgeni alimwambia msusi.

"Nasuka."

"Zangu zimezidi. Zinamfunika mtoto akilala."

Msusi alifungua mfuko, akapitisha vidole.

"Nani alikusuka mara ya mwisho?"

"Mwenyewe."

"Ulikaza sana."

"Nilidhani zitashika."

"Hata mimi," alisema msusi. Wakatazamana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mgeni akashika ubavu.

Wifi alikuja taratibu, akalivuta pazia.

"Nawafunika kidogo," alisema, "wateja wasishtuke."

Wateja walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anasinzia chini ya draya, mwingine anakula karanga. Mikono ya msusi ilikuwa imejaa nywele, kwa hiyo alinyoosha mguu, akalisukuma pazia likarudi lilikotoka.

"Vua kitambaa, dada," akamwambia mgeni. "Nataka nione kichwa kinachozivaa."

"Hapa dirishani?"

"Hapa ndipo ninapofanyia kazi."

Mgeni alipeleka mikono kisogoni, akaanza kufungua fundo. Wifi akalivuta tena pazia. Halikuja. Msusi alikuwa ameshalikanyaga.