Sekunde Kumi za Kungoja

Saa tisa na dakika ishirini na mbili alasiri, Jumapili ya tarehe 11 Novemba 2012, mashine ilikataa kuwaka kwa mara ya tano, na Holger Pölitz, magoti yake kwenye zulia la mama yake huko Chemnitz, laptopu juu ya kigoda, akasoma tena maneno yale yale yaliyoletwa na waya kutoka kwenye mashine, diski haionekani, haionekani vipi na hii hapa, anaigusa, ina joto, inanguruma kama paka aliyeshiba... na kijimashine chenyewe, kompyuta ndogo isiyo na skrini, hakizidi pakiti ya sukari, kimechomekwa ukutani nyuma ya kochi kama chaja, miaka mitatu kimekaa hapo hakina neno na mtu, mpaka Alhamisi kumbukumbu yake ya ndani ilipochoka na picha za Mama zikazimika nayo, kijiko, birika, soksi, dirisha, picha mia mbili na sita alizozipiga humu humu ndani, Mama huigusa picha kwenye skrini ya tableti, husikia jina lake, hulirudia, kila asubuhi tangu kiharusi cha mwezi wa tano, na leo siku ya nne hajafanya zoezi, na Jumanne Heike anakuja kutoka Leipzig na fomu za nyumba ya wazee, si mtu mbaya dada yake, anaogopa tu, alisema kwenye simu, "Nitamuuliza Mama mwenyewe anataka kukaa wapi, mdogo wangu, akinijibu kwa kinywa chake nazichana fomu mbele yako, lakini ajibu yeye, si wewe, maana Mama akipiga chafya akaombewa afya, wewe ndiwe unayesema asante," akacheka, na yeye akacheka, hakikuwa kicheko... basi picha zenyewe zimesalimika, nakala iko kwenye diski hii ya nje, kuukuu, yenye waya wake wa umeme, kazi iliyobaki ni kuiambia mashine iache kuanzia ndani mwake, ianzie huku nje, amri nne tu, ameshawaelekeza watu wangapi kwenye jukwaa la mtandaoni, watu wa Bremen, watu wa Graz, "Ho..." Mama ameanza, pale kwenye kiti cha dirishani, "Ho-ol..." na Holger bila kuinua kichwa, "Blanketi, Mama? Liko miguuni kwako, nakuja kulivuta," akaenda akalivuta mpaka magotini, Mama akafumba mdomo, akalitazama blanketi kama kitu cha mtu mwingine, naye akarudi zuliani, mara ya sita, akachomoa, akachomeka, taa ya buluu, mistari ikashuka, diski haionekani, mashine ikasimama... mezani sahani mbili, keki ya jibini aliyoileta jirani wa ghorofa ya pili, kipande cha Mama kimeliwa chote, hiyo ni habari njema, amwandikie Heike, leo amekula kipande kizima, lakini Heike hakuuliza habari za keki, "We..." alisema Mama, "Miwani? Umeivaa, Mama. Dawa umekunywa. Choo? Twende?" Mama akatikisa kichwa, akapiga mkono wa kiti kwa vidole viwili, "Sawa, sawa, Mama, namaliza hapa," naye hakumaliza, kwa sababu safari hii hakuwahi kuchomoa, na chini ya pale mashine iliposimama ulikuwa umetokea mstari mwingine, halafu mwingine, diski inajitambulisha, nipo, jina langu hili, ukubwa wangu huu, akaangalia saa pembeni mwa mistari, mashine iliita sekunde ya pili, diski iliitika sekunde ya nane, kumbe haikuwa kimya hata mara moja, mara zote sita iliitika, ni kwamba ina kitu kizito ndani cha kuzungusha, lazima kwanza kishike mwendo, na ilipofungua mdomo hapakuwa na mtu wa kuisikia... na ni nani aliyeinyima mashine subira, si yeye, Januari ile, waliposhindana jukwaani nani mashine yake inawaka upesi kuliko zote, jamaa wa Bremen sekunde ishirini na moja, yeye akaenda kufuta kila mahali palipoandikwa ngoja, akaweka sifuri, sekunde kumi na tisa, wakampigia makofi ya maandishi, wiki nzima akatembea kifua mbele kazini... sifuri, Mama asema We, yeye miwani, Mama asema Ho, yeye blanketi, miezi sita anamkata kalima mama yake na kuita huko ndiko kumtunza, yeye, Holger, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, akiwa na umri wa miaka saba, foleni ya duka la mikate, sarafu zimelowa jasho mkononi, ma-ma-ma, mwuzaji ameshanyanyua mkate ambao siwo, na mwanamke mmoja nyuma yao mwenye kofia ya kijani, "Msemee basi mwanao, wengine tuna watoto nyumbani!" na Mama, mikono mfukoni, hakugeuka hata kugeuka, "Ana wakati wake, bibi, na wewe una wako," akangoja, foleni yote ikangoja, mpaka akasema mwenyewe, mandazi manne, tafadhali, na nje Mama hakumsifu, alikata moja la moto akampa nusu... akaandika mahali pa sifuri, ngoja sekunde kumi, kidole kikakaa juu ya kibonye, hakikubonyeza, kwa sababu Mama alikuwa ameanza tena, "We..." na ulimi wa Holger ukajaa maneno, maji, redio, dirisha, akayameza, akamgeukia, akahesabu moyoni, moja, mbili, midomo ya Mama inatafuta, tatu, nne, usimsaidie, Jumanne atamwambia dada yake hilo tu, muulize, kisha hesabu, dada, hesabu mpaka kumi na ufunge mdomo, sita, vidole viwili vinapiga mkono wa kiti, saba, macho ya Mama hayako kwake, yako mezani, kwenye sahani ya pili, nane... Saa tisa na dakika thelathini na moja, mashine ikiwa bado haijawashwa, Irmtraud Pölitz alisema, "Wewe hujala."