Kochi la Susan Mtandaoni

Kabibi alikuwa fundi wa kushona makochi upya mjini Garsen, na tovuti yake ilikuwa na kazi moja tu: kochi la Susan, kabla na baada. Asubuhi hiyo Susan akamjia.

“Shoga, itoe ile picha ya kwanza. Hata tundu la panya linaonekana, na mama mkwe kule Ngao nilimwambia nimenunua jipya.”

“Nikiitoa, nani ataamini kazi yangu?”

“Kwa hivyo mimi niaibike ukweni?”

Kabibi akazifuta zote mbili, tovuti ikabaki tupu. Kisha akamnyanyua mwanawe aliyelala kwenye kochi lao bovu, akamlaza mkekani, akalipiga picha kochi, akachukua mkasi na kuanza kulifumua.