Uzi Katikati ya Bwawa

Wazo la uzi lilikuwa langu, na nalisema mapema ili nisije nikaonekana nimelificha. Siku tulipoanza kuchimba bwawa, mimi ndiye niliyekwenda dukani kununua uzi wa waashi, nikaufunga kigingi hadi kigingi katikati ya bonde, juu ya mpaka wa shamba langu na la Kaka. Nikamwambia, "Wewe huko, mimi huku. Mtu asivuke."

Kaka aliutazama uzi, akanitazama mimi, akasema, "Sawa."

Ndivyo alivyo. Umtukane, sawa. Umsifu, sawa. Mtu wa namna hiyo huwezi kujua anawaza nini, na mimi mtu nisiyejua anawaza nini simwamini, hata kama tumetoka tumbo moja.

Bwawa lilikuwa la ng'ombe wetu, lakini zaidi lilikuwa la Mama. Mto uko mbali, njia yake ni kushuka na kupanda, na magoti ya Mama yalishagoma. Wake zetu walikuwa tayari kumtekea, yeye hataki hata kusikia. "Siku nitakayotekewa maji," alisema, "nileteeni na shuka kabisa, nijilalie." Kwa hiyo kila asubuhi alitoka na kindoo chake, akarudi jua limeshakuwa kali, huku wanaume wazima wawili tukijifanya hatumwoni. Kiangazi kingine asingekiweza. Bwawa lilitakiwa lijae mvua hizi hizi.

Tulimwita mchimba visima atupimie. Alididimiza nondo mahali patano, akaonja udongo kwa ulimi kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akachukua ufito mrefu na kuuchora mstari wa rangi nyekundu.

"Juu hapa mna mfinyanzi mzuri," alisema. "Chini ya mfinyanzi ni mchanga. Vuteni kamba kutoka ukingo hadi ukingo, simamisheni ufito chini. Kamba ikigusa nyekundu, zimeni matrekta mkanywe chai. Mkipita hapo mmetoboa chungu."

Nilisimama kando ya ule ufito, miguu peku, nikaona alama inanifika kwapani sawasawa. Nikaweka akilini. Kisha Kaka akaubeba ufito kwenda kuutunza nyumbani kwake, na mimi nikamwachia kama bwege.

Mwenye uwezo angeleta katapila, kazi ikaisha kwa siku mbili. Sisi tulikuwa na matrekta mawili madogo. Langu la mtumba, rangi imebabuka, haliwaki mpaka literemshwe mlimani. La Kaka dogo vilevile, ila lina breki. Unapitisha plau kwanza, udongo unapasuka, halafu unaburuta sanduku la chuma linaloukwangua na kuumeza. Unapanda nao kwenye mteremko wako wa kutokea, unamwaga ukingoni, unarudi. Kutwa nzima hivyo, mgongo unalia. Wapita njia walituuliza kama tunachimba bwawa au tunatafuta hazina. Wiki mbili za mwanzo, nakiri, nilikuwa na furaha. Tulipishana na Kaka kwenye uzi, kila mtu kwake, tukapungiana mikono.

Wiki ya tatu machale yakaanza kunicheza. Alfajiri nilisikia trekta la Kaka likinguruma bondeni. Nilipofika lilishazimwa, tairi zake zimejaa mfinyanzi mbichi, naye anakunywa uji kwake kana kwamba ndiyo kwanza ameamka. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa.

"Anaamka mapema. Kuna ubaya gani?" mke wangu aliuliza.

"Tangu lini?" nilimjibu. "Huyu tangu utoto alikuwa anaamshwa kwa maji."

Halafu zikaja nyasi. Upande wake wote, kuanzia kwenye mteremko wake hadi karibu na uzi, aliufunika kwa nyasi mbichi na kuumwagia maji. Nikamuuliza ni za nini.

"Mfinyanzi usipasuke na jua," alisema.

"Mbona wangu haupasuki?"

"Utapasuka."

Basi, maneno yameisha. Lakini kilichonikosesha raha kabisa ni lundo lake la udongo. Mtu anayechimba, lundo lake hukua. Langu lilikua, limefika kimo cha banda la kuku. La Kaka lilikuwa linapungua. Nililitazama siku nne mfululizo, nikaliwekea jiwe la alama, na kweli linapungua.

Nikapiga hesabu. Maji hukimbilia penye kina. Kiangazi kikikaza, maji ya mwisho yatabaki kwa aliyechimba zaidi, na mwenzake atabaki na vyura. Kwa hiyo Kaka anachimba alfajiri, shimo analifunika kwa nyasi, udongo wa ziada anauhamisha nisije nikaukadiria. Na Mama atakwenda kuteka wapi? Kwa Kaka. Atamshukuru nani? Kaka. Nasema ukweli, hilo la Mama ndilo lililoniuma kuliko ng'ombe wote.

Ningeweza kufunua nyasi nikaona mwenyewe. Ila kulikuwa na uzi, na sheria ya uzi ilikuwa yangu. Ningeuvuka, mdomo wangu ungekuwa umekufa. Nikabaki upande wangu nimekodoa macho.

Nikaenda kuuomba ufito. Shemeji, mke wa Kaka, aliutoa ndani.

"Shemeji, ufito huu huwa unakaa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Nani huugusa?"

"Kuku," alisema, akarudi jikoni kwake.

Niliusimamisha bondeni, nikausogelea, damu ikanichemka. Alama nyekundu haikunifika tena kwapani. Ilikuwa chini ya kwapa, vidole vitatu vizima. Wameukata! Niliukagua mwisho wa chini. Ulikuwa umetota matope, sikuona alama ya kisu, lakini mtu mjanja si ndiye asiyeacha alama? Wanipunjie kipimo nichimbe kifupi, wao wachimbe kirefu. Nikaurudisha ufito nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Siku ya Alhamisi Kaka na shemeji walimpeleka Mama hospitali, magoti yatazamwe. Hata kabla hawajapotea kwenye kona nilikuwa nimeshateremsha trekta langu. Vidole vitatu vyangu nilivyoibiwa nilivipata mapema, ila sikuridhika. Nikaongeza dhiraa nzima, pale katikati ya upande wangu, kwa usalama. Alasiri hivi, sanduku likaacha kuburuta kwa uzito, likawa linateleza. Udongo ulioingia ulikuwa wa manjano, unamwagika vidoleni.

Nilijua. Nisiseme sikujua. Nilijiambia ni kidoa tu, kila udongo una kidoa. Nikarudisha mfinyanzi kiasi cha kiganja juu yake, nikapita na tairi mara sita, saba, pakawa laini. Jioni Mama aliporudi na dawa zake aliniuliza mbona nimechafuka hivyo. Nikamwambia nilikuwa nasawazisha.

Mvua zilikuja kwa kishindo. Kwa siku mbili korongo lilimimina maji, bwawa likajaa mpaka uzi ukazama na nyasi za Kaka zikaelea. Majirani walikuja kutazama, walewale wa hazina. Siku ya tatu nilichomeka kijiti ukingoni maji yalipoishia. Asubuhi yake kijiti kilikuwa nchi kavu. Nikachomeka kingine, nacho kikakauka, hadi sakafu ya bwawa ikaanza kuonekana.

Nikapanda juu. Mbele ya majirani, mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji, nilimnyoshea Kaka kidole. "Huyu ndiye! Ameamka alfajiri wiki tatu anachimba kama mwizi! Ametoboa! Funueni nyasi zake muone!"

Kaka hakusema hata ile sawa yake. Alivua viatu, akashuka upande wake, akaanza kuzoa nyasi zilizolala kwenye matope. Nilimfuata. Sasa uzi wa nini tena? Nilivuka.

Chini ya nyasi hapakuwa na shimo. Palikuwa na njia. Mteremko wake wa kutokea ambao tulikubaliana kuukata kazi ikiisha, yeye alikuwa ameurefusha, ameulaza, ameushindilia kwa trekta tabaka kwa tabaka, kutoka ukingoni hadi karibu na ulipokuwa uzi. Ulipanda taratibu kiasi kwamba mtoto angetambaa. Lundo lake lilikuwa limerudi ndani, lote.

"Ni ya Mama," Kaka alisema. "Ashuke mwenyewe na kindoo chake, hata maji yakipungua ayafuate. Niliogopa kumwambia kabla sijaona kama itashika." Akatupa nyasi pembeni. "Upande wangu ukawa na kina kifupi. Nikasema si neno, kina kibaki kwako, una ng'ombe wengi kunishinda."

Mama alikuwa amefika. Hakuna aliyemwita. Alishuka na ile njia, kindoo mkononi, hatua kwa hatua, bila kushikwa na mtu, akasimama mwisho wa njia, mkabala na maji yaliyobaki. Yalibaki upande wangu tu, duara dogo la tope linalozunguka na kunywewa chini.

"Hii nini?" Kaka aliuliza.

"Fuko," nilisema. Ndilo neno la kwanza lililonijia.

Kaka alichutama. Alama za tairi langu, lile lenye kipara upande mmoja, zilionekana wazi kuzunguka lile duara. Akazigusa kwa kidole. "Fuko mwenye trekta," alisema.

Hakupaza sauti, na mimi nilitamani apaze. Nilitamani anipige hata kofi moja mbele ya watu wote, tumalizane.

Alituma ufito uletwe. Niliusimamisha mwenyewe, miguu peku kwa sababu ya tope, na alama nyekundu ikanifika kwapani sawasawa. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile nilipouazima kwa shemeji nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira, yenye soli ya vidole vitatu. Hilo sikumwambia mtu.

Mchimba visima alikuja mchana, akatikisa kichwa. Tundu lingezibika, alisema, tena kabla ya mvua za mwisho, ila kwa mfinyanzi mbichi, safi, ulioshindiliwa. Wa lundo langu ulishapasuka kwa jua, na mvua zikauchanganya na mawe. Aligeuka huku na huku akiutafuta, macho yake yakaishia palepale ya kila mtu yalipoishia, kwenye njia. Wiki tatu ilikuwa chini ya nyasi, inamwagiwa maji.

Kaka alimtazama Mama. Mama alikuwa bado amesimama juu ya ile njia. Aligeuka, akaipanda polepole, akafika ukingoni.

"Chukueni," alisema.

Tuliibeba kwa siku mbili, matrekta yote mawili, bila uzi. Upande wa Kaka ukabaki mwinamo mkali kama pande zote, hata mbuzi hushuka kwa kujifikiria. Mvua za mwisho zilinyesha, maji yakashika, na mpaka leo yameshika.

Kazi ya kumtekea Mama niliichukua mimi, na hakuna aliyegombea. Siku ya kwanza nilijaza kindoo chake, nikapanda nacho, nikabisha hodi. Jua lilikuwa limeshatoka, ni saa ambayo miaka yote angekuwa njiani. Nilimkuta kitandani, amejifunika shuka hadi kifuani, macho wazi.

"Weka hapo," alisema.