Ghorofa ya Nne Bila Majirani

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, mama yake fundi cherehani alipaswa kushushwa kutoka ghorofa ya nne, apelekwe hospitali kusafishwa damu. Figo hazina likizo. Jengo halikuwa na lifti, lakini lilikuwa na wanaume: mwalimu, fundi bomba, dereva na mchomea vyuma walimbeba kwenye kiti cha plastiki huku wakitaniana.

Kisha dalali akaja na tajiri asiyeonekana. Nyumba zikanunuliwa moja moja, wapangaji wakatolewa, milango ikawekwa vitasa vya kubonyeza namba, wakaanza kulala wageni wanaokodi kwa simu. Akabaki fundi, mkataba wake haujaisha.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama alicheka. "Hawa hata ya tatu hawafiki!"

Alhamisi fundi aligonga mlango wa jirani. Mwanamke akachungulia.

"Afadhali umekuja. Tuletee taulo mbili."

"Mimi si wa usafi, dada. Naomba mtu anisaidie kumbeba mama."

Mume wake alitoka, akambeba, akihema kama ng'ombe wa kulima. Jioni dalali akapiga simu.

"Mgeni ameandika mtandaoni kwamba hapa wanabebeshwa wagonjwa. Umetuharibia jina. Usigonge tena."

"Basi njoo ubebe wewe, kaka."

"Mimi nina mgongo."

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini Jumatatu kilikuwepo hicho kimoja tu. Mama alishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, fundi, binti yake, mbele akimshika miguu. Wageni waliwapita na masanduku ya magurudumu. "Samahani. Samahani." Walifika wamechelewa, mama akapewa saa mbili za mashine badala ya nne.

Waliporudi, mama aliketi kwenye ngazi ya kwanza.

"Mwanangu, huko juu sipandi tena."

"Tutakaa wapi, mama?"

"Kwa mdogo wangu. Hata sebuleni. Pasiwe na ngazi tu."

Fundi alimtazama miguu ilivyovimba, akampigia dalali aje achukue funguo. Dalali alifika upesi, mgongo haukumsumbua.

"Unahama kwa hiari, sivyo? Niandikie hapo."

Hapakuwa na meza. Fundi aliweka karatasi kwenye paja la mama yake, akaandika: kwa hiari.